Tamthilia Kongwe: Kujiwekea Malengo Yako Kabla Semista Haijakolea

Siku ya kwanza ya kozi ya tamthilia kongwe, mhadhiri hugawa malengo yake: kuchambua maudhui, kutathmini fani, kulinganisha tanzia ya Wayunani na ya Waafrika. Hayo ni malengo ya kozi. Ya kwako hakuna atakayekuandikia, na usipoyaweka mapema, wiki ya mwisho itakukuta unakariri desa la waliokutangulia. Tuchukulie orodha yako ina Mfalme Edipode ya Sophocles katika tafsiri ya Samuel Mushi, Juliasi Kaizari ya Shakespeare katika tafsiri ya Julius Nyerere, na Kinjeketile ya Ebrahim Hussein. Kama ni vitabu vingine, njia ni hii hii.

Hatua ya kwanza: soma kabla ya kuandika lengo. Anza na Edipode, ni fupi. Isome kwa mkao mmoja, kwa sauti, ukiruka utangulizi. Shika kalamu ya risasi na utie alama pale ulipostuka, pale ulipochoka na pale ulipopotea. Lengo linaloandikwa kabla ya kusoma huwa ni la kuazima.

Hatua ya pili: chagua mahali pamoja, si kitabu kizima. Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa hiyo tukae kidogo. “Nataka kuielewa vizuri Mfalme Edipode” ni nia njema, lakini utajuaje kwamba umefika? Chukua badala yake sehemu ambapo mjumbe kutoka Korintho anamweleza Edipode kwamba Polibo hakuwa baba yake mzazi, na kwamba yeye mwenyewe alimpokea akiwa mtoto mchanga kutoka kwa mchungaji wa nyumba ya Laio, mfalme aliyeuawa. Wanaume hao wawili wanaulizana na kujibizana kwa muda mrefu. Jokasta, mke wa Edipode, yupo pale pale jukwaani, kimya. Akifungua tena kinywa, tayari anamsihi mumewe aache kuuliza. Basi amejua saa ngapi kwamba mumewe ni mwanawe? Sophocles hakusema; kamwachia mwigizaji. Na kwa kuwa waigizaji wa Athens walivaa vinyago, uso haukuweza kumsaliti Jokasta; ilibaki mwili na ule ukimya. Sasa andika: “Kufikia wiki ya 5, niweze kuonyesha jibu lipi la mjumbe linalomfumbua macho Jokasta, na kulitetea kwa dakika tano bila daftari.” Lengo hilo lina mahali, lina tarehe, na lina kazi ya kufanya. Ukilitimiza utakuwa umeielewa tamthilia kuliko aliyejaza kurasa kumi za dhamira.

Hatua ya tatu: lengo moja liwe la mdomo. Tamthilia ziliandikwa zisemwe, nami sioni namna ya kumaliza kozi hii kwa macho peke yake. Katika Juliasi Kaizari, Brutus anauhutubia umati kwanza, anatoa kwa utaratibu sababu zake za kumuua Kaizari, na umati unamshangilia. Kisha anapanda Antonio na maiti ya Kaizari, anataja wosia, anaonyesha joho lililotobolewa na majambia, na watu wale wale wanageuka. Muda mfupi baadaye wanamuua mshairi Cinna kwa kosa la kuwa na jina moja na mmoja wa waliokula njama. Jiwekee lengo la kuzisema hotuba zote mbili mbele ya wenzako wawili, ukisimama mahali unapohisi umati unageuka. Koo lako litakufundisha ambacho kalamu haikukifikia.

Hatua ya nne: lengo moja liunganishe vitabu viwili. Nashauri Edipode na Kinjeketile. Edipode anamlaani muuaji wa Laio hadharani, asijue anajilaani mwenyewe. Kinjeketile naye anawapa watu maji ya kuwakinga na risasi na neno la umoja, kisha neno linamponyoka: vita vinaanza kabla ya wakati alioutaka, naye ameshaingiwa na shaka. Akiwa mikononi mwa Wajerumani anatakiwa akiri kwamba maji yalikuwa uongo. Anakataa, kwa sababu kukiri kungewaambia watoto wa kesho kwamba wazee wao walikosea kupigana. Lengo: insha ya kurasa mbili kuhusu neno linalomzidi nguvu aliyelisema. Ila kumbuka, Hussein mwenyewe alitahadharisha kuwa Kinjeketile wa jukwaani ni kiumbe cha ubunifu, kwa hiyo usimtumie kama ushahidi wa historia ya Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907.

Hatua ya tano: weka tarehe na shahidi. Malengo matatu yanatosha. Yaandike kwenye karatasi moja, kila moja na wiki yake, ukikwepa wiki za majaribio, na umpe nakala mwenzako wa semina atakayekudai.

Hatua ya sita: mpelekee mhadhiri karatasi hiyo katika saa zake za kuonana na wanafunzi, kabla ya wiki ya 3. Usimwombe ayasifu. Mwulize jambo moja tu: “Mwalimu, kwa lengo hili, ni sehemu gani nyingine ya tamthilia ambayo sijaiona?” Jibu lake liandike chini ya lengo husika, na kama linalibomoa, lipange upya siku hiyo hiyo.