Napia imedumaa: je, nihamie brakiaria?

SWALI: Napia yangu inageuka njano na kudumaa kila nikishaikata, na maziwa yamepungua. Jirani ananishauri nipande brakiaria. Je, ni nyasi ya kuaminika? — Mfugaji, Bungoma

JIBU: Ndugu mfugaji, dalili hizo ni za ugonjwa wa udumavu wa napia. Husababishwa na bakteria waitwao fitoplasma, na hauna dawa ya shambani. Huenezwa na vidudu vinavyofyonza utomvu wa majani, pia na vipando tunavyogawiana bila kuvikagua. Ng'oa mashina yaliyougua pamoja na mizizi, na usichukue vipando kutoka shamba lenye ugonjwa.

Brakiaria ni nyasi ya asili ya Afrika iliyoboreshwa Brazili na Kolombia, kisha ikajaribiwa tena kwetu na watafiti wa KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo la Kenya. Mizizi yake huzama chini, hivyo hustahimili kiangazi. Isitoshe, mwaka 2009 wanasayansi walieleza kuwa mizizi ya spishi ya humidicola hutoa kemikali inayozuia bakteria wa udongo kugeuza amonia kuwa naitreti. Naitrojeni hubaki udongoni badala ya kusombwa na mvua. Huo ni ugunduzi mkubwa kwa mkulima anayenunua mbolea kwa shida, ingawa si kila aina ya brakiaria ina uwezo sawa.

Aina ya brakiaria iitwayo Mulato II hushambuliwa na utitiri mwekundu, kwa hiyo anza na kipande kidogo cha shamba. Mbegu ni ndogo; usizifukie zaidi ya sentimita 2. Katikati ya mistari panda desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde ambao huongeza naitrojeni udongoni na protini kwenye hori.