Nani Hupanga Bei ya Kahawa Yetu?

Mkulima wa Kilimanjaro au wa Bukoba apelekapo kahawa yake chamani, huona mizani moja tu, ile iliyo mbele ya macho yake. Karani hupima, huandika, humpa stakabadhi. Bei ikiwa nzuri, watu humsifu karani; ikiwa mbaya, husema, "Tumeibiwa." Hatusemi kwamba wizi haupo, pengine upo, na wezi wapasa kushtakiwa. Lakini bei ile imekwisha kupimwa katika mizani mbili nyingine, nazo mkulima hazioni. Juma hili twataka kuzieleza, maana mtu asiyejua mahali anapopunjwa hawezi kudai haki yake.

Mizani ya kwanza iko mbali. Bei ya kahawa ya arabika hufuata soko la New York, na ya robusta hufuata soko la London. Wauzaji na wanunuzi wa huko huitazama zaidi Brazil, nchi ilimayo kahawa kuliko zote. Julai 1975 baridi kali iliunguza mibuni ya Brazil, na mwaka 1977 bei ikapita dola 3 kwa ratili. Mkulima wetu akapata neema kwa msiba wa mwenziwe, wala hakuwa amelima vizuri zaidi kuliko mwaka uliotangulia.

Mataifa yaliwahi kujaribu kuitia adabu mizani hiyo. Mwaka 1962 nchi ziuzazo kahawa na zile ziinunuazo zilifanya Mapatano ya Kimataifa ya Kahawa. Kila nchi yenye kuuza ilipewa fungu lake, soko lisije likafurika na bei ikaanguka. Walakini wakubwa walivutana juu ya mafungu hayo. Julai 1989 walishindwa kupatana, mafungu yakaachwa, na kwa miezi michache bei ikashuka karibu nusu. Kisha Vietnam ikapanda kahawa nyingi mno, hata mwaka 2001 bei ya wastani duniani ikawa chini ya senti 50 za dola kwa ratili. Mbuni huchukua miaka mitatu au minne kabla ya kuzaa. Hivyo aliyepanda bei ikiwa juu alivuna bei ikiwa chini. Februari 2025 arabika ilipita dola 4 huko New York. Mwenye busara hakopi fedha kwa kutumaini kwamba bei ya namna hiyo itadumu.

Mizani ya pili ni ya fedha. Kahawa huuzwa nje kwa dola, lakini mkulima hulipwa kwa shilingi. Zamani mizani hii ilikuwa imara. Julai 1944 wajumbe wa mataifa 44 walikutana Bretton Woods, Marekani, wakaafikiana kwamba dola ifungwe na dhahabu, dola 35 kwa wakia moja, na fedha za nchi nyingine zifungwe na dola. Huko ndiko lilikozaliwa Shirika la Fedha la Kimataifa. Shilingi ya Tanzania ilipoanza mwaka 1966, dola moja ilikuwa shilingi 7 na senti 14. Tarehe 15 Agosti 1971 Rais Nixon wa Marekani aliikata kamba ile ya dhahabu, na tangu mwaka 1973 fedha za mataifa makubwa hupanda na kushuka kama bidhaa sokoni. Leo dola moja yataka zaidi ya shilingi 2,000.

Msomaji aweza kuuliza: shilingi ikishuka, je, mkulima hapati shilingi nyingi zaidi? Hupata. Tuseme ratili moja yauzwa dola moja, na dola yatoka shilingi 1,000 hata 2,000. Malipo yaongezeka maradufu. Lakini mbolea, dawa ya mibuni na mafuta ya lori vyanunuliwa nje kwa dola ile ile, navyo hupanda vivyo hivyo. Faida hubaki katika vitu visivyotoka nje, kama ujira wa kibarua, mpaka navyo vipande. Ni faida ya kweli, ila ni ya muda.

Wala shilingi inayoshikiliwa juu kwa nguvu si rafiki wa mkulima. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 bei ya dola katika magendo ilikuwa mara kadhaa ya ile ya serikali. Mkulima alilipwa kwa hesabu ya serikali, akanunua sabuni na sukari kwa hesabu ya magendo. Ndiyo maana kahawa nyingine ilivushwa mpakani kwa siri. Mwaka 1986 shilingi iliteremshwa sana. Noti zikaongezeka mkononi, na bei dukani zikapanda.

Basi, tufanyeje? Kwanza, mkulima apige hesabu kwa vitu, si kwa noti. Mwaka jana kilo ngapi za kahawa zilitosha mfuko wa mbolea au ada ya mtoto? Mwaka huu ni ngapi? Hapo atajua kama amepanda au ameshuka. Pili, asing'oe migomba yote apande mibuni, kwa maana watoto hawali kahawa. Tatu, katika mkutano wa chama aulize: kahawa yetu iliuzwa dola ngapi? Dola ilibadilishwa kwa shilingi ngapi? Makato ni yapi? Wakulima wa Kilimanjaro waliunda ushirika wao wa KNCU mwaka 1933 kwa sababu mtu mmoja na gunia lake hana nguvu mbele ya mnunuzi. Chama kisichoweza kujibu maswali hayo matatu kimesahau sababu ya kuundwa kwake.

Na kwa mataifa, Papa Paulo VI alifundisha mwaka 1967, katika waraka Populorum Progressio, kwamba mapatano ya biashara kati ya wasiolingana nguvu hayawi ya haki kwa sababu tu pande zote mbili zimekubali. Anayeuza kwa kuwa ada ya shule yadaiwa kesho hakukubali kwa hiari kamili. Wanaoketi mezani kwa niaba yetu, New York, London au Dodoma, yawapasa kulikumbuka hilo.