Vidokezo 5 vya Kumsoma Muuaji wa Riwaya

Ukiwa Magu, huku Usukumani, na riwaya ya upelelezi mkononi, usitosheke na kujua muuaji ni nani. Uliza pia kwa nini anaua, na kwa nini harudi nyuma. Uchanganuzi nafsi, elimu iliyoasisiwa na Sigmund Freud, utakufaa sana.

1. Fuata kinachojirudia. Mwaka 1920 Freud alieleza jinsi mtu anavyoweza kurudia maumivu yake ya zamani bila kujitambua. Ben Mtobwa, aliyetupa mpelelezi Joram Kiango, ana riwaya iitwayo *Najisikia Kuua Tena*: kifo kimoja hakimalizi hamu. Orodhesha mauaji yote, kisha tazama yanafanana wapi. Hapo ndipo penye kidonda.

2. Sikiliza sauti inayomwamuru. Usiharakishe kusema muuaji hana dhamiri. Katika *Psycho* ya Robert Bloch (1959), Norman Bates alimuua mama yake, lakini mama huyo anaendelea kuishi akilini mwake, akifoka na kuhukumu. Dhamiri nayo ikizidi ukali huweza kuua.

3. Chunguza anachaguliwa nani. Binadamu humtwika mwenzake hofu asiyotaka kuikiri. Usukumani tunalijua hilo kwa uchungu: vikongwe wameuawa kwa kuwa macho yao mekundu yalidhaniwa dalili ya uchawi, ilhali miaka mingi ya moshi wa kuni na samadi jikoni inatosha kuyafanya mekundu. Mtoto amefariki, ng'ombe wamekufa, na msiba ukatafutiwa mtu wa kuubeba.

4. Usiishie kwenye utoto wa muuaji. Mauaji ya vikongwe hayakuwa kazi ya kichaa mmoja. Kulikuwa na mpiga ramli aliyechonganisha, ndugu aliyelipa, wakata mapanga waliokodiwa, na mara nyingine shamba lililotamaniwa. Riwaya ikimbebesha mtu mmoja ubaya wote, uliza jamii yake imejificha wapi.

5. Pima wahusika, usipime majirani. Mhusika wa riwaya yumo kurasani mzima, tumchambue tutakavyo. Jirani hatumjui hivyo. Ukianza kumtafutia "dalili za muuaji" mtu mpole anayeishi peke yake, unafanya kilekile alichofanya mpiga ramli: kusoma uso na kutoa hukumu. Bibi zetu waliuawa kwa usomaji wa namna hiyo. Riwaya nzuri itufundishe kuitambua hofu yetu wenyewe kabla hatujamnyooshea mtu kidole.