Kimya Baada ya Swali

Mwanachuo aliye katika mazoezi ya kufundisha huogopa kimya. Huuliza, "Kwa nini msumari huzama na meli ya chuma huelea?" kisha hujijibu mwenyewe upesi. Mwaka 1974 mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alieleza kwamba walimu wa sayansi aliowachunguza walingoja wastani wa sekunde 1 tu baada ya swali. Walipongoja sekunde 3 au zaidi, majibu yalirefuka, na wanafunzi walioshindwa kujibu walipungua. Hivyo mwalimu mlezi aketiye nyuma ya darasa asikague andalio la somo na ubao pekee. Apime kimya hicho kwa saa yake, na baada ya kipindi amwonyeshe mwanachuo hesabu hiyo. Muda huo ndio ambao mwanafunzi hufikiri.