Mgonjwa wa kisukari si nusu Muislamu

Mimi ni mwalimu wa Maarifa ya Uislamu sekondari. Miaka minane iliyopita niligundulika nina kisukari, na tangu hapo najidunga insulini kila siku. Leo nazungumzia maradhi ya pili yaliyoniingia baada ya hayo: kujiona nimepungua mbele za watu na mbele ya Mola wangu.

Ramadhani ya kwanza daktari alinikataza kufunga. Nilimwitikia, kisha nikafunga. Nilijiuliza, nitafundishaje nguzo ya nne ya Uislamu hali nimekunywa chai asubuhi? Siku ya tano, nikiwa darasani, mikono ilianza kutetemeka, jasho likanitoka, ubao nikawa siuoni. Sukari ilikuwa imeshuka. Wanafunzi ndio walionibeba.

Baada ya hapo nikawa nakula nimejifungia stoo ya vitabu, kama mwizi. Mke wangu alipojua aliniuliza: "Sasa unamficha nani, watu au Mola wako?" Sikuwa na jibu.

Swali lile lilinirudisha kwa Swahaba Imran bin Husayn (RA). Alikuwa na bawasiri, maradhi ambayo wengi wetu huona haya hata kuyataja. Yeye hakujificha. Alimwendea Mtume (SAW) akamuuliza ataswali vipi. Akaelekezwa aswali kwa kusimama, akishindwa akae, akishindwa alale ubavu. Hadithi hiyo imo katika Sahih Bukhari. Swahaba huyo huyo ndiye Sayyidna Umar (RA) aliyemtuma Basra kuwasomesha watu dini. Maradhi hayakumvunjia heshima. Bali kwa sababu aliuliza, wagonjwa wa umma mzima wamepata mwongozo.

Basi tuelewe. Ruhusa ya mgonjwa kutofunga imo ndani ya Qur'an, Suratul Baqara, aya ya 184 na 185. Anayeichukua anamtii Allah (SW), hamkimbii. Mwenye maradhi yasiyotarajiwa kupona, ambaye hawezi kufunga, hulisha maskini kwa kila siku. Katika madhehebu ya Imam Shafi ni kibaba kimoja cha chakula kikuu cha mji. Na katika hadithi ya Abu Musa (RA), pia katika Bukhari, tunafundishwa kuwa mgonjwa huandikiwa mfano wa amali alizokuwa akizifanya alipokuwa mzima. Ikiwa daftari la malaika halikupungua, kwa nini mimi nijipunguze?

Sisemi kila mwenye kisukari aache funga. Wapo wanaoweza, kwa ushauri wa daktari. Hao wajue kuwa Baraza la Fiqhi la Kiislamu, katika kikao chake cha 10 huko Jeddah mwaka 1997, liliamua kuwa sindano zisizo za lishe hazifunguzi. Asiache mtu insulini kwa kuogopa swaumu yake.

Nasi wazima tuache kuuliza "mbona hufungi?" kwa sauti ya hakimu.

Ramadhani iliyofuata niliwaeleza wanafunzi wangu hali yangu, waziwazi. Kipindi kilipokwisha, binti mmoja alibaki nyuma. Akaniambia kwa sauti ndogo: "Ustadhi, mimi nina selimundu. Nilidhani ni mimi peke yangu."

Nikakumbuka mlango wa stoo niliokuwa nikiufunga.

Wabillahi Tawfiq.