Vimondo vya Kiangazi: Mwongozo wa Kutazama Anga la Tabora na Njia ya Misafara

Kijitabu hiki ni cha nani

Kila Agosti na Desemba, redio na simu hujaa habari za mvua ya vimondo. Mkazi wa Tabora anayekesha kwa ajili ya habari hizo mara nyingi huambulia mawingu, au vimondo vichache vinavyopita chini upande wa kaskazini. Habari zenyewe ni za kweli, ila nyingi zimeandikwa kwa ajili ya watu wa Ulaya na Marekani. Tabora iko nyuzi 5 kusini mwa ikweta, na mvua zake za msimu hunyesha kati ya Novemba na Aprili. Anga hili lina kalenda yake.

Mwongozo huu unawahusu wakazi wa Tabora mjini, Uyui, Sikonge, Urambo na Kaliua, pamoja na wote wanaoishi kando ya njia ya zamani ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa, Kilimatinde na Kwihara, hadi Ujiji. Wapagazi wengi wa Kinyamwezi walishika njia hiyo wakati wa kiangazi, na misafara ilianza mwendo alfajiri kabla jua halijawa kali. Msimu huo na saa hizo ndizo zinazomfaa mtazamaji wa vimondo leo.

Kimondo ni nini?

Kometi, yaani nyota yenye mkia, inapolikaribia jua humwaga vumbi na changarawe njiani. Dunia hukatiza njia hiyo tarehe zilezile kila mwaka. Chembe hizo, nyingi zikiwa na ukubwa wa punje ya mchanga, huingia angani kwa kasi kubwa na kuungua zikiwa kilomita 80 hadi 100 juu yetu. Mwanga wa kuungua huko ndio tunaouona.

Vimondo vya kundi moja huonekana kama vinatoka sehemu moja ya anga, ambayo hapa tunaiita chanzo chake. Simama kwenye Reli ya Kati na utazame mbali: reli mbili zinaenda sambamba, lakini zinaonekana kukutana mbele. Vimondo navyo husafiri sambamba, na ni macho yetu yanayovikutanisha.

Kalenda ya Tabora

*Tarehe 5 na 6 Mei: vimondo vya kundinyota la Ndoo.* Hii ndiyo mvua ya vimondo ya kutangulizwa. Mvua za msimu zimekwisha, hewa imeoshwa, na moshi wa kuchoma mapori bado haujatanda. Vimondo hivi ni mabaki ya kometi ya Halley, iliyoonekana mara ya mwisho mwaka 1986 na itakayorudi mwaka 2061. Chanzo chake angani huchomoza mashariki kati ya saa 8 na saa 9 usiku. Tazama kuanzia saa 9 na nusu hadi saa 11 na nusu alfajiri. Hupita kwa kasi ya kilomita 66 kwa sekunde, na baadhi huacha mstari wa mwanga unaobaki kwa sekunde kadhaa. Kwenye anga kamilifu huweza kufika 50 kwa saa. Wewe tarajia 20 hadi 30. Ukikosa usiku wa kilele, jaribu siku mbili tatu kabla au baada yake.

*Tarehe 30 na 31 Julai: vimondo vya Ndoo ya kusini.* Ni vichache na hafifu zaidi, lakini chanzo chake hupita karibu na utosi wa Tabora mnamo saa 9 usiku, jambo ambalo watu wa Ulaya hawalipati. Siku hizohizo kuna vimondo vingine vichache vya mwendo wa taratibu, na baadhi yake hung'aa sana. Kilimia nacho kitakuwa kimechomoza mashariki.

*Tarehe 12 na 13 Agosti.* Hivi ndivyo vinavyovuma sana Ulaya. Kwa Tabora, chanzo chake hakifiki hata theluthi moja ya njia kutoka upeo wa macho hadi utosini. Vya kuona ni vichache.

*Tarehe 21 Oktoba.* Ni mabaki mengine ya kometi ya Halley. Hufaa usiku wa manane hadi alfajiri, iwapo moshi na mawingu ya kwanza hayajaziba anga.

*Tarehe 13 na 14 Desemba: vimondo vya kundinyota la Mapacha.* Ndivyo vingi kuliko vyote, zaidi ya 100 kwa saa kwenye anga kamilifu. Vinatokana na asteroidi iitwayo Phaethon, iliyogunduliwa mwaka 1983. Kwa Tabora ni bahati nasibu kwa sababu ya mvua. Sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Mawingu yakifunguka, tazama kaskazini kati ya saa 6 na saa 10 usiku.

Angalia mwezi kwanza

Kalenda ya Kiislamu ya nyumbani inatosha. Kwa kutazama alfajiri, siku nzuri ni kuanzia tarehe 26 ya mwezi mwandamo hadi tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Nje ya siku hizo, mbalamwezi hufuta vimondo hafifu.

Maandalizi

1. Chagua uwanja ulio wazi, mbali na taa za mji na nje ya vivuli vya miembe. Ukitaka kwenda karibu na tembe la Kwihara, alikoishi Livingstone mwaka 1872, omba ruhusa ya wasimamizi mapema.
2. Mwarifu mwenyekiti wa kitongoji au mtaa, pamoja na sungusungu. Watu waliolala uwanjani saa 10 usiku bila taarifa wanaweza kudhaniwa vibaya.
3. Nendeni kikundi. Watoto wawe na wazazi au mwalimu.
4. Vaeni nguo za mikono mirefu na mjipake dawa ya mbu. Malaria ipo hata kiangazi. Julai bebeni mablanketi.
5. Kagueni nyasi kwa tochi kabla ya kutandika mikeka.
6. Zimeni tochi na simu. Macho huzoea giza baada ya dakika 20 hadi 30. Darubini haihitajiki, maana huonyesha kipande kidogo tu cha anga.

Maswali ya mara kwa mara

*Vinaweza kutuangukia?* Vumbi la kometi huungua lote juu. Kimondo cha Mbozi, mkoani Songwe, chenye uzito wa takriban tani 16, ni pande la chuma la asili nyingine kabisa.

*Ni ishara ya balaa?* Tarehe zake hujulikana miaka mingi kabla, kwa kuwa Dunia hupita palepale kila mwaka.

Andika ulichokiona

Andika mahali, tarehe, saa ya kuanza na kumaliza, hali ya mawingu, na idadi ya vimondo kwa kila nusu saa. Kila mtu ahesabu vyake, msijumlishe. Shule inayotunza daftari la hesabu hizo kila Mei itaweza kulinganisha mwaka na mwaka, na Shirika la Kimataifa la Vimondo hupokea hesabu za watazamaji kutoka popote duniani. Usiku mliopata vimondo vitatu tu nao uandikwe: daftari lenye siku nzuri pekee halimfundishi mtu kitu.