Nyaraka za Kaya Kabla ya Masika

Swali: Kaya iliyo kando ya Bonde la Msimbazi, Dar es Salaam, ihifadhi vipi nyaraka zake?

Jibu: Kwa kuwa masika, yaani mvua za Machi hadi Mei, huweza kufurisha bonde hilo kwa saa chache, vyeti vya kuzaliwa, vitambulisho vya taifa na hati miliki havifai kukaa kwenye sanduku la uvunguni, ambako ndiko wengi huviweka na ndiko maji huanzia, bali vifungwe ndani ya mfuko usiopitisha maji na kuwekwa juu, karibu na mlango. Nakala iliyothibitishwa, yaani iliyogongwa muhuri na wakili baada ya kulinganishwa na halisi, ikae kwa ndugu anayeishi penye mwinuko. Cheti cha kuzaliwa kikipotea, RITA, wakala wa serikali wa usajili, hutoa kingine kutokana na kumbukumbu zake.